Suruali ya Vita Niliyoifua Woolwich

Ukishona nguo ya mabakamabaka, usiyaoanishe mabaka kwenye mshono. Naanza na hilo, wanangu, kwa sababu ndilo lililonitia aibu wiki yangu ya kwanza kazini, na kwa sababu kila mmoja wenu anayejifunza kushona atafundishwa kinyume chake. Unguja nilikuwa fundi wa magauni. Ua likikatika ubavuni, mteja anakurudishia gauni lako na maneno juu yake. Basi waliponiwekea kitambaa chenye mikwaruzo ya brashi, kahawia na kijani juu ya rangi ya mchanga, nilishinda siku nzima nikikisogeza huku na huku mpaka kila mkwaruzo wa mguu wa kulia ukakutana na mwenzake wa mguu wa kushoto. Nikajiona fundi.

Mzee Andreas, mkataji mkuu wetu, mtu wa Kupro mwenye vidole vilivyopinda kwa mkasi, aliiinua ile suruali dirishani, akaigeuza mbele na nyuma.

"Haroub," akasema, "umemshonea askari gauni la harusi."

Karakana nzima ilicheka, na Bi Asha wa Pemba, aliyekuwa kwenye cherehani ya mishono mirefu, akanitafsiria kwa sauti kubwa ingawa nilikuwa nimeelewa.

Baadaye, tukinywa chai, Mzee Andreas alinieleza kwamba jicho la adui linatafuta mpangilio. Kichaka hakifanani pande mbili, mwanadamu anafanana. Ukiyaoanisha mabaka umemchorea adui mstari katikati ya miguu ya kijana wa watu. Tena wanawake wa viwandani wakati wa vita hawakuwa na nafasi ya kuoanisha kitu. Walipanga vipande popote palipobana kitambaa, wakakata, wakashona, kwa sababu kila wiki kulikuwa na vijana wapya wa kuvishwa. Ukitazama vizuri suruali ya asili utaiona ile haraka: mshono umeyumba, pindo limeishia pabaya, tundu la kifungo limekatwa na mtu anayesinzia. Kazi yetu ilikuwa kuiga hata ile haraka, polepole.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mazulia karibu na soko la Woolwich, London, na mwenyewe alikuwa Bwana Jayesh, Mhindi mzaliwa wa Mombasa ambaye Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko cha watoto wangu mwenyewe waliozaliwa hapa. Tulishona suruali mpya za kuiga zile za vita kuu ya pili. Wanunuzi wetu walikuwa watu wa filamu, wakusanyaji wa vitu vya kale, na wale wanaume wanaokwenda mashambani mwisho wa wiki kujifanya wanapigana, kisha Jumatatu wanarudi ofisini.

Nitawaambia kilichonitisha kuhusu suruali za asili. Si damu, si matundu. Ni kiuno. Mara ya kwanza kupima moja nilidhani futi imekwama. Nikapima tena. Kilikuwa kiuno cha mtoto wa shule. Wateja wetu walikuwa na matumbo ya watu waliokula vizuri, na sehemu kubwa ya kazi yangu kwa miaka kumi na kitu ilikuwa kuipanua nguo ya vijana waliokufa ili iwaingie wazee waliopona. Bi Asha alikuwa akisema, "Mwanangu Haroub, ongeza kipande hapo nyuma, huyu anakwenda vitani na mkewe na sufuria."

Nilijifunza historia kwa vidole. Msidhani mabaka yalibuniwa na majenerali. Vita kuu ya kwanza waliitwa wachoraji, watu wa kupaka sura na mandhari, wakaambiwa wafiche mizinga. Vita vya pili Wajerumani walichapa kitambaa pande mbili, upande huu majani mabichi, upande huu majani makavu, ili askari aigeuze nguo majira yakigeuka. Waingereza, kwa baadhi ya nguo zao, walianza kwa kupaka rangi kwa mkono, brashi pana kama za kupakia ukuta, na hata walipohamia kwenye kuchapa, ile mikwaruzo ya brashi ikabaki. Suruali tuliyoishona zaidi ilikuwa ya kitambaa chepesi cha kukinga upepo, pana, yenye kamba kwenye vifundo vya miguu, ya kuvaliwa juu ya ile ya sufu. Ilimficha mtu asionekane. Alipokwisha kuonekana, haikuwa na msaada tena.

Mtu wa lampu namkumbuka pia, na huyu nawapa bure. Alikuja na lampu ndogo ya mwanga wa zambarau, akazima taa, akamulika suruali yetu bora kuliko zote. Mishono yote iliwaka myeupe kama meno. Nilikuwa nimetumia uzi wa nailoni. Pamba ya zamani haiwaki. Yule bwana aliwasha taa, akakunja lampu yake, akaondoka. Toka siku hiyo kila uzi uliingia kwanza chini ya lampu yetu wenyewe.

Halafu kulikuwa na kuzeesha. Watu wa filamu hawataki suruali mpya. Wanataka iliyolala matopeni, iliyovuja damu. Hiyo ikawa kazi yangu mimi, kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi. Goti unalisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Jasho la kiunoni ni chai iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi. Damu kavu ni chai hiyohiyo, maji ya misumari iliyooza kwenye siki, na rangi kidogo ya viatu, kahawia, iliyoyeyushwa kwa mvuke wa pasi. Unaweka kwa brashi nyembamba, unasubiri, unaongeza pembeni, kwa kuwa damu ikikauka ukingo wake huwa mweusi kuliko katikati. Nilikuwa nikitengeneza damu kila wiki. Naomba mlishike hilo, kwani lina kazi katika haya ninayotaka kuwaeleza.

Mzee Andreas alikuwa ameshastaafu, nami nimerithi meza yake, alipokuja Bi Dora. Sikuwapo. Ilikuwa Ijumaa nami nimekwenda kuswali. Aliyempokea ni Bwana Jayesh, na niliporudi nilikuta suruali juu ya meza yangu, na Jayesh amesimama kando yake kama anayelinda.

"Fundi, tumepata ya asili kweli," akasema. "Bibi mmoja wa Kilburn, amepanda basi mbili na treni kuileta. Ya kaka yake. Anatuazima mpaka Alhamisi, na sisi tumshonee moja mpya, nzima, kipimo kilekile. Anataka kuiona nzima kabla hajafa. Usifumue hata uzi mmoja. Nimemuahidi."

Simu ikalia, akaondoka.

Haikuhitaji kufumuliwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa kwa mkasi kutoka pindoni mpaka kiunoni, mkato wa mtu mwenye haraka, wa mganga wa vitani. Ilitandikwa mezani wazi kama samaki. Na kwenye paja, na kwenda chini, ilikuwa ngumu, nyeusi.

Kwenye ukanda wa kiuno palikuwa na karatasi imebanwa kwa pini, mwandiko wa mkono. Sasa nawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu siku zile. Nilijua kusoma Kiingereza cha chapa, cha magazeti na mabango. Ule mwandiko wa kuungana, wa wazee wao, ulinishinda. Nilikuwa mtu mzima, fundi mkuu, na ningemwita Bi Asha anisomee ningekuwa nimejivua nguo mbele ya karakana. Nikajiambia ni jina na anwani yake. Nikaichomoa pini, nikaitia kwenye kisahani cha pini, karatasi nikaiweka chini yake.

Nami nilikuwa nimetoka msikitini, nina udhu wangu, na kitambaa hicho ningekilaza mapajani siku nzima. Damu ni najisi, nilivyofundishwa. Suruali za asili zilizotoka kwa wafanyabiashara tulizifua zote kabla ya kupima, maana uchafu mkavu unakaza kitambaa na kipimo kinadanganya. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili, ya dini na ya kazi, na mtu mwenye sababu mbili haulizi. Nilianza na kitambaa chenye maji, pembeni tu. Hapo ndipo doa lilipochuruzika na kuacha duara. Anayejua kufua anajua: ukilowesha sehemu, lazima uloweshe yote, la sivyo alama ya maji haitoki milele. Damu usiitie maji ya moto, inashika. Nikajaza sinki maji baridi, nikatia chumvi, nikaizamisha, nikaifunika kwa ubao. Jumamosi na Jumapili karakana ilifungwa.

Jumatatu maji yalikuwa rangi ya chai hafifu. Nikayaachia. Nikajaza mengine, nikasuuza mara tatu, nikaianika. Rangi za brashi ziling'aa, kahawia, kijani, mchanga. Nilifurahi, wanangu. Sitaki kuwaficha hilo. Nilimwita Bi Asha aje aone.

Bi Asha alikuja, akatafuta kwanza pini ya kazi yake kisahanini, akaiona karatasi. Akaisoma kimya, kisha akaketi.

"Haroub, hii umeisoma?"

"Inasema nini?"

Akanisomea taratibu, akiigeuza Kiswahili neno kwa neno. Bibi yule alikuwa ameandika: Tafadhali msiifue. Kaka yangu hana kaburi. Alizikwa karibu na hema la waganga na siku ya pili mahali pale pakapigwa makombora. Rafiki yake ndiye aliyeniletea hii. Ndiye yeye, yote yaliyobaki.

Nilikaa nimeshika ile suruali, ikinitonea maji viatuni.

Nilipokuwa mdogo kulikuwa na jina moja nyumbani kwetu lililotajwa kwa sauti ya chini, mjomba wangu, aliyechukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma. Hakurudi, wala hakikurudi kitu chake, hata kifungo. Bibi yangu angekipata kitambaa kama kile asingekitoa nje ya mlango, seuze kukipeleka kwa fundi.

Bwana Jayesh aliposikia hakupiga kelele. Alifunga mlango wa ofisi tukabaki wawili.

"Nilimuahidi, Fundi."

"Najua."

"Sasa mimi nitamwambia nini kizee wa watu? Nimwambie kaka yake ameingia bombani?" Akatembea mpaka dirishani akarudi. "Wewe unatengeneza damu kila wiki. Watu wa filamu wenyewe wanaogopa kuigusa. Tengeneza."

"Ni uongo huo, Jayesh."

"Ni rehema. Kilichotoka hakirudi. Atakufa mwakani au mwaka mwingine, bila kujua, ameshika anachokijua. Ukimwambia ukweli unampa nini? Hebu nitajie kitu kimoja unachompa."

Nikarudi mezani kwangu. Jumanne nilishona suruali mpya. Jumatano nilichukua kipande cha kitambaa kilekile, nikatengeneza doa, na wallahi lilikuwa doa bora nililowahi kulifanya. Bi Asha alilipita akageuza uso. Alhamisi asubuhi nikaitandika suruali ya kaka yake, nikachovya brashi.

Mkono haukushuka. Msinione mwema, hilo ndilo nataka mlielewe. Haikuwa dhamiri. Nilikuwa sijui pa kuliweka. Rangi yake niliikumbuka, ugumu wake niliukumbuka, lakini lilianzia wapi, liliishia wapi, lilikuwa na umbo gani, sikuwa nimetazama. Nilikuwa nimeona uchafu, nikauondoa. Mwanamke aliyelitazama miaka hamsini angejua kwa kupapasa tu. Nilisimama na brashi mpaka ncha yake ikakauka, na nikasikia ngazi inapandwa, hatua moja, pumziko, hatua moja.

Alikuwa mdogo, mwenye koti la buluu lililofungwa vifungo vyote. Jayesh alimsogezea kiti. Nikamkunjulia kwanza ile mpya. Aliitazama kwa muda, akaipitishia mkono kiunoni.

"Nzuri," akasema. "Alikuwa mwembamba hivi hasa. Mama alikuwa akimsimanga." Kisha akavua glovu ya mkono wa kulia, akaiweka mapajani. "Sasa nipeni yangu."

Jayesh alinitazama. Nikaenda, nikaileta, nikaiweka juu ya meza mbele yake, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu kwamba nimeifua, kwamba karatasi yake sikuisoma kwa kuwa sikuweza kuisoma, na kwamba ni mimi, si bosi.

Hakulia. Alilaza mkono pale kwenye paja, akauhamisha, akauhamisha tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba asichokijua.

"Ulitumia maji gani?"

"Baridi, bibi. Na chumvi. Siku tatu."

"Baridi," akasema. "Rafiki yake alituambia hakulalamikia jeraha. Alilalamikia baridi tu. Kulikuwa na theluji." Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitambaa. "Nawe ukamtia kwenye maji baridi siku tatu."

Cherehani zilikuwa zimenyamaza, moja baada ya nyingine. Nilimwambia najuta. Neno lile kwa Kiingereza ni dogo mno, hulisema hata ukimkanyaga mtu basini.

"Hukuwa na haki," akasema. "Na sidhani ulikuwa na haki ya kuniambia pia. Mimi ni kizee, macho yangu mabovu. Mngeweza kunidanganya."

Hapo Bwana Jayesh, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, mtu mzima aliyeniambia mambo yale yote kuhusu rehema, akasema polepole, "Tulitaka, bibi. Alitengeneza. Hakujua mahali pake."

Nilidhani sakafu itapasuka. Bi Dora alitutazama, mmoja halafu mwingine.

"Nionyeshe."

Nikamletea kile kipande. Alikisogeza karibu na uso, akakinusa.

"Kuna damu ndani yake?"

"Hapana, bibi. Chai, kutu, siki, rangi ya viatu."

"Vizuri. Sitaki damu ya mtu mwingine." Akakiweka chini. Kisha akasema, "Lete chaki."

Alishika chaki yeye mwenyewe, kisha akanipa mimi, akanishika mkono. Mkono wangu ukiwa ndani ya wake, tulianza chini kidogo ya mfuko. "Si hapo. Chini. Hapo. Sasa njoo mbele." Tulifuta, tukachora tena. Alifumba macho, na akiwa ameyafumba hakukosea. Doa lilikuwa na ukingo mmoja ulionyooka, pale askari mwenzake alipomfunga kamba kuzuia damu. Lilikuwa na mkia uliopinda kuelekea gotini. Karibu na mkia palikuwa na alama tatu ndogo za mviringo, na alisema ni za vidole, ila hawakujua kama ni vya mganga au vyake mwenyewe. Mama yao alikuwa akiweka vidole vyake pale.

Nikachovya brashi. Nikajaza alipochora, naye ameketi kando yangu, akisema ongeza, akisema basi. Ukingo nikautia weusi. Zile alama tatu nilizifanya mwisho, kwa ncha ya kidole changu mwenyewe, kwani brashi ilikataa. Jayesh alileta feni ndogo ya mezani tukaikausha. Ilichukua asubuhi yote, na hakuna aliyetutaka turudi kazini.

Nilikuja kuulizia msikitini baadaye. Sheikh mmoja mpole aliniambia kwamba kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Ningeweza kuilaza mapajani ile suruali mwaka mzima na swala yangu isipate dosari. Nilimshukuru, nikatoka, nikasahau viatu, nikarudi kuvichukua.

Lakini mnataka kujua alichosema. Suruali ilipokauka aliilazia tena kiganja pale pale, na safari hii mkono haukuhama. Ile mpya hakuichukua. Alisema ni ya mtu mwingine, tumpe atakayeivaa. Yake tuliikunja kwa mikunjo ya zamani, ikaingia kwenye mfuko wake. Mlangoni nilitaka kumshika mkono kushuka ngazi, akakataa, akashika ukuta.

Katika kazi yetu kulikuwa na neno moja ambalo wateja walilisema wakiridhika kabisa, na kwa neno hilo tuliishi sote. Wenye lampu walilisema, watu wa filamu walilisema, nami nililipenda kuliko sifa nyingine yoyote. Bi Dora alilisema akiwa ngazi ya pili, amenipa mgongo, na baada yake sikutaka tena kulisikia.

"Inafanana," akasema.